Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kisii Mjini
Jumatatu, 5 Februari 2024

Kwa Sista Gesare,

Hunijui. Naitwa Kartik, mtoto wa Hasmukh mwenye duka la redio na spika hapa mjini. Mchana nauza spika, na saa zinazobaki natunga muziki. Jina lako nililitaja mbele ya karani wa kituo cha kupokea majani chai cha Ikonge, ambaye ni mteja wetu, naye akasema barua nimpe yeye, itafika.

Wiki jana nilinunua njugu katika soko la Daraja Mbili. Mama muuzaji alinifungia kwa karatasi aliyoichana kutoka daftari kubwa la jalada jeusi. Nikiwa natafuna nikaona karatasi ina majina ya watoto, na mbele ya kila jina nambari, safu kwa safu. Nilirudi nikamwomba aniuzie daftari lote lililobaki. Alinishangaa, akaniuzia. Juu ya jalada pameandikwa: Upimaji wa masikio, shule za msingi, 1987 na 1988. Muuguzi: Gesare, Ikonge.

Sababu ya kukuandikia ni hii. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitunga muziki kuhusu jinsi binadamu alivyojifunza sauti ni kitu gani, na sikio huikamata vipi. Sehemu ya kwanza ni ya watu wa kale waliogundua kwamba uzi ukifupishwa nusu, sauti yake hupanda. Ya pili ni ya mtaalamu Mjerumani wa karne ya kumi na tisa aliyetengeneza matufe yenye uwazi ndani, kila tufe likiitikia noti moja tu. Mimi nimetumia chupa na vibuyu. Ya tatu ni ya uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili ambacho daktari hukigonga kikalia. Hiyo ya tatu haikuwa na wimbo. Nilikuwa nimekwama.

Sasa naona kwenye daftari lako kuna uma nne za sauti, sikio la kulia na la kushoto, na sekunde. Nimefikiri hivi: kila uma ni noti, na sekunde ni urefu wa noti. Je, nasoma sawasawa? Na je, unaniruhusu? Majina ya watoto sitayataja.

Wako,
Kartik Hasmukh


Ikonge
12 Februari 2024

Bwana Kartik,

Barua nimeipata. Hukukosea kusoma.

Uma zilikuwa nne, kuanzia ule wenye sauti nzito hadi ule wenye sauti nyembamba. Niliugonga uma kwenye goti langu, nikaushika karibu na sikio la mtoto. Mtoto aliinua mkono akiusikia, akaushusha ukimpotea. Mimi nilitazama saa. Kisha niligonga tena, nikaweka kitako cha uma kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Matokeo hayo yako kwenye safu yenye herufi M. Mtoto akisikia muda mrefu kwa mfupa kuliko kwa hewa, maana yake mshipa wa kusikia ni mzima ila mlango umeziba. Ni usaha, au nta, au ngoma ya sikio imetoboka. Hayo yanatibika, na ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta. Kipimo chenyewe kilianzia kwa madaktari wa Ujerumani zaidi ya miaka mia moja kabla yetu. Sisi tulikuwa mikono tu.

Madaftari hayo yalipaswa kuhifadhiwa au kuchomwa. Sijui aliyeyauza.

Tumia nambari, acha majina. Usinishukuru mbele ya watu. Nilistaafu mwaka 2010, sasa nina shamba langu la chai, na siku ya Sabato naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Ukiwa na swali andika, usipige simu. Masikio yangu yana miaka sitini na tisa na hayapatani na simu.

Gesare Nyasani
Muuguzi mstaafu


Kisii Mjini
4 Machi 2024

Kwa Sista Gesare,

Asante. Kazi inakwenda, ingawa waimbaji wangu wananung'unika. Watoto wako walisikia kila mmoja kivyake: huyu sekunde kumi na nne, huyu tisa, huyu kumi na saba, huyu mbili. Ni mapigo yasiyopigika makofi. Mzee Nyangate, anayenipigia obokano, kile kinubi kikubwa cha Kigusii, aliniambia, "Kijana, huu wimbo unachechemea. Upeleke hospitali."

Lakini kuna ukurasa wa thelathini na moja. Alhamisi, 19 Mei 1988, shule moja karibu na Suneka. Mwisho wa orodha kuna watoto kumi na wawili ambao nambari zao zinashuka kwa upole: kumi na nane, kumi na sita, kumi na nne, kumi na mbili. Anayefuata: kumi na saba, kumi na tano, kumi na tatu, kumi na moja. Kisha zinarudi tena. Kila mstari unapumua mahali pake. Niliupeleka kwa waimbaji wakaushika mara moja, na Mzee Nyangate akafumba macho akicheza.

Nimeufanya kuwa moyo wa sehemu ya tatu. Hao watoto walikuwa akina nani, wenye masikio mazuri namna hiyo?

Kartik


Ikonge
11 Machi 2024

Bwana Kartik,

Ukurasa huo uuache. Siku hiyo daftari lilipata maji na nambari hazitegemeki. Kuna kurasa nyingine zaidi ya sitini. Chagua yoyote.

G. Nyasani


Kisii Mjini
15 Aprili 2024

Kwa Sista Gesare,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ukurasa nimeutazama kwa taa kali. Wino haukupata maji hata tone. Nadhani unafanya unyenyekevu, hutaki kazi yako isifiwe, kwa hivyo nitakuasi kidogo. Ukurasa unabaki. Tumepata ukumbi hapa mjini, Jumapili tarehe 25 Agosti.

Kuna jambo nimefanya ambalo nafikiri litakufurahisha. Majina sijayatangaza, lakini nimeyafuata. Niliona ni vizuri watoto wa ukurasa ule, ambao sasa ni watu wazima, waje wasikie wimbo uliotoka masikioni mwao. Nimempata mmoja, wa mstari wa nne. Anaitwa Mokeira. Anauza nguo za mitumba pale Suneka.

Nilimweleza nia yangu. Alinitazama mdomo muda wote kama mtu anayesoma. Nilipomwambia kwamba daftari linasema alisikia uma wa kwanza kwa sekunde kumi na saba, alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilisikia?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia, na naandika alivyosema: "Mwalimu aliita, sikujibu, akachapa. Mama akaenda shule kuuliza kama niko na shida ya masikio. Wakamwonyesha karatasi ya watu wa masikio. Karatasi inasema huyu anasikia. Basi nikawa mkaidi. Mama naye akachapa. Darasa la nne nikatoka."

Nafikiri ugonjwa ulimpata baadaye, baada ya wewe kumpima. Yawezekana? Hata hivyo nimemwalika.

Kartik


Ikonge
27 Mei 2024

Bwana Kartik,

Barua hii nimeiandika mara nne. Hii ndiyo nitakayotuma.

Hakuna ugonjwa uliompata baadaye. Sikumpima.

Siku ile tulianza saa tatu asubuhi. Ilipofika saa nane na nusu nilikuwa nimebakiwa na watoto kumi na wawili, wamekaa kwenye benchi wakingoja. Mvua ikaanza. Darasa lilikuwa la mabati yasiyo na dari. Mvua ikipiga mabati, uma hausikiki hata na aliyeugonga. Tulingoja nusu saa. Dereva akaja mlangoni akasema, "Sista, mto unajaa. Tunaenda au tunalala hapa?" Nikawaambia watoto nitarudi Jumatatu. Waliinuka wakaenda wakifunika vichwa kwa mifuko. Mokeira simkumbuki. Nimejaribu kumkumbuka tangu barua yako ifike, sikuweza.

Ndani ya gari niliwaza ripoti ya mwezi. Ilikuwa inasomwa na mkubwa ambaye hakupenda nafasi wazi. Niliweka daftari gotini nikajaza mistari kumi na miwili. Niliwapa masikio mazuri, kwa sababu mtoto mwenye masikio mabaya huandikiwa barua ya hospitali, na hospitali wangemwangalia wakaona nambari zangu si zake. Niliandika haraka bila kufikiri. Mkono ulipanga wenyewe jinsi sauti ya pili inavyoshuka katika nyimbo tunazoimba kanisani. Ndiyo sababu waimbaji wako waliushika mara moja.

Nakala yenye muhuri wangu ilitumwa shuleni. Jumatatu tulipelekwa upande mwingine wa wilaya. Nilisema nitarudi Julai. Mwaka ule nilikumbuka mara nyingi. Miaka iliyofuata nilikumbuka mara chache.

Uliniandikia mwezi Machi kwa furaha nami nikakudanganya kwamba ni maji. Huo ni uongo wa pili katika jambo moja.

Sitaki unifichie jambo hili. Naomba unielekeze alipo Mokeira.

Gesare Nyasani


Kisii Mjini
3 Juni 2024

Kwa Sista Gesare,

Kibanda cha Mokeira kiko upande wa kulia ukitoka Kisii, baada ya kinu cha kusaga mahindi. Kina turubai la kijani. Jumatano hayupo.

Sikumwambia chochote. Hilo si langu kusema.

Nilikasirika siku tatu, halafu nikajikumbuka mimi mwenyewe. Mtu alisimama mbele yangu akaniambia alichapwa kwa sababu hasikii, nami nikarudi nyumbani nikacheza ule wimbo mara mbili, nikauona mzuri zaidi. Kwa hivyo sina la kukuambia.

Mazoezi ya sehemu ya tatu nimeyasimamisha.

Kartik


Suneka
24 Juni 2024

Kwa Sista Gesare,

Barua yako nimesoma mara mbili. Mimi nasoma vizuri, hata kama shule iliisha mapema. Mtu asiyesikia husoma kila kitu. Nasoma hata magazeti ya kufungia nguo.

Pole yako nimeiona. Sijui niiweke wapi. Umesema nikitaka nikushtaki, utakubali. Nikushtaki nipate nini? Mwalimu yule alikufa. Nimezaa watoto watatu na kibanda ni changu. Wateja wanajua kuongea na mimi wakinitazama.

Lakini mama yangu yuko hai. Anaitwa Kemuma, ana miaka sabini na nane. Huyo tangu nikiwa mdogo anajua jambo moja juu yangu, kwamba mimi ni mkaidi. Akiniita nisipokuja, anasema nimemdharau. Nikaolewa, ndoa ikavunjika, akasema ni ule ukaidi. Nimemweleza mara nyingi kwamba sisikii. Ananijibu, "Karatasi nilionyeshwa." Anafikiri nimeamua kuwa kiziwi nikiwa mkubwa, kama mtu anayeamua kuhama.

Sasa njoo umwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia kwamba karatasi ilikuwa ya uongo, itakuwa ukaidi mwingine.

Uje na hicho chuma.

Mokeira Kemuma


Ikonge
15 Julai 2024

Bwana Kartik,

Nilikwenda Alhamisi. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiwe uliyeanzisha, na kwa sababu Mokeira amesema ujue.

Mama Kemuma alitupokea uani, chini ya upenu wa jikoni, akiwa anachambua maharagwe. Ni mwembamba na macho yake yanaona vizuri. Nilimwambia kwa Kigusii mimi ni nani na nilifanya nini. Sikupunguza. Alichambua mpaka nikamaliza.

"Lakini karatasi ilisema anasikia," akasema.

"Karatasi niliiandika mimi, mama. Ndani ya gari. Sikuwa nimemgusa."

"Ilikuwa na muhuri."

"Muhuri ulikuwa wangu."

Akaweka maharagwe chini. Nikatoa uma, nikampima Mokeira kama nilivyopaswa kumpima akiwa na miaka kumi. Sikio la kulia kwa hewa, sekunde tatu. La kushoto, mbili. Nikagonga tena nikaweka kitako cha uma kwenye mfupa nyuma ya sikio la kulia. Aliinua mkono haraka. Akasema kwa sauti kubwa, "Inalia! Iko ndani ya kichwa!" Alikaa na mkono juu sekunde kumi na nne.

Maana yake nilikwisha kukueleza mwezi wa pili. Mshipa ni mzima. Mlango ndio ulioziba, usaha wa utotoni umeharibu ngoma za masikio. Mwaka 1988 tulikuwa na dawa yake ndani ya lile gari. Hili hawakuniuliza, na ningeweza kulinyamazia. Niliwaambia. Mokeira alinitazama mdomo mpaka neno la mwisho, kisha akatazama migomba.

Wakati huo mama yake alikuwa ameinuka. Alichukua fimbo yake akazunguka nyuma ya kiti cha Mokeira, kama hatua nne. Akamwita kwa jina, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje ale. Mokeira hakugeuka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, hadi mbwa wa jirani akabweka. Mokeira aliendelea kutazama migomba. Mimi sikumwonyesha ishara yoyote.

Mama akarudi mbele, akasimama mahali ambapo mtoto wake angeweza kumwona.

"Siku ile mtoni," akasema. "Nilipokuita nikiwa na mtungi wa maji kichwani na mguu umeteguka. Ukaenda zako."

"Sikusikia, mama."

"Na siku ya mazishi ya baba yako."

"Sikusikia."

Mama akataja siku nyingine, na nyingine. Zilikuwa nyingi. Alikuwa amezihifadhi zote. Mokeira alijibu kila moja kwa neno hilo hilo moja, bila hasira, kama mtu anayeitikia majina darasani. Mwishowe mama akaketi chini, si kwenye kiti, akashika ukingo wa sketi ya mwanawe. Akabaki ameushika.

Mimi hakunipa chai, wala hakunifukuza. Nilijiondoa.

Ijumaa nilimpeleka Mokeira hospitali. Daktari wa masikio amesema sikio la kulia linaweza kuzibwa ngoma kwa upasuaji, la kushoto hana uhakika. Watampa tarehe. Wale kumi na mmoja waliobaki naendelea kuwatafuta. Nimewapata saba. Watano wanasikia vizuri na walinishangaa. Mmoja alifariki miaka mingi iliyopita, kaka yake hakukumbuka kama alisikia au la. Mmoja, Mose, ana sikio moja tu, na anasema amezoea. Nilimwambia na yeye yote.

Nambari za kweli za Mokeira nimeziandika kwenye karatasi iliyoambatana na barua hii. Usizitumie bila kumwuliza.

Gesare Nyasani


Kisii Mjini
22 Julai 2024

Kwa dada Mokeira,

Nilikuja kwako Aprili nikiwa na wimbo mkononi, ukanieleza maisha yako, nami nikasikia wimbo tu. Naomba radhi.

Wimbo ule nimeutupa. Sista amenipa nambari ulizopata kwenye kiti chako nyumbani kwa mama. Naomba ruhusa niziweke mahali pa zile za uongo. Ukikataa, sehemu ya tatu nitaifuta, na hakuna atakayekulaumu. Ukikubali, uje tarehe 25 ukae karibu na Mzee Nyangate. Obokano yake ni kubwa kama beseni, na ukiweka mkono kwenye ubao wake utapata kinachoendelea.

Kartik


Suneka
2 Septemba 2024

Kartik,

Nakuandikia kwa sababu siku ile watu walikuwa wengi na midomo yao sikuweza kuifuata.

Nilikubali kwa karatasi, lakini sikujua kama nitakuja. Nilikuja kwa sababu mama alitaka. Alivaa kitambaa chake cha kanisa. Sista alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, nikamwona, sikumsalimu. Baadaye nilimsalimu.

Zile chupa na vibuyu sikupata kitu. Mama ananiambia zilikuwa kama upepo. Halafu Mzee Nyangate akaanza, nikaweka mkono kwenye ubao kama ulivyosema, na mzee akanionyesha kwa kichwa kwamba niweke paji la uso. Nikaona haya, watu wananitazama. Nikaweka. Sasa hapo nilipata. Inatetemeka mpaka kwenye meno.

Nilijua kilipofika changu kwa sababu wewe uliniangalia. Kidogo, kidogo, halafu kile kirefu cha mfupa, halafu basi. Ni kifupi. Watu waliokuwa nyuma yako walianza kupiga makofi kwa kusitasita, wakiona kama umesahau kumalizia. Usikiongeze. Watu wakikuambia ukiongeze, waambie mwenyewe amekataa. Ndivyo kilivyo.

Hospitali wamenipa tarehe ishirini Novemba. Daktari amesema nisitegemee sana. Mimi sitegemei sana vitu. Sista amesema atanisindikiza, nikamwambia aje, ila kwenye gari tusiongee.

Mama hangoji Novemba. Siku hizi akinihitaji anaacha kazi yake, anachukua fimbo, anazunguka uwanja wote mpaka anasimama mbele yangu. Ndipo ananiita.

Mokeira